Kikohozi Nilichokilinda

Wasiwasi ulioninyima usingizi mwaka ule ulikuwa mmoja tu: nikiacha sigara, halafu kikohozi kikabaki, nitasema nini?

Nilipokuwa navuta, kikohozi kilikuwa na sababu. Mtu akiniuliza mbona nakohoa hivyo, nilimwonyesha sigara mkononi, naye akatikisa kichwa na kwenda zake. Lakini kijana aliyekonda, asiyevuta, anayekohoa wiki baada ya wiki katika mji wa kando ya barabara kuu ambako malori hulala, huyo watu walikuwa wameshampa jina. Hawakulitaja. Walisema amekanyaga waya, kisha wakabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nililala chali nikipiga hesabu. Sigara inaniua polepole, lakini inanipa maelezo. Nikiitupa, nitabaki na kikohozi kitupu.

Niseme mapema, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kusoma habari ya hofu bila kurukia ukurasa wa mwisho: ugonjwa huo sikuwa nao. Kilichokuwa kikiniua ni kile kile nilichojifichia nyuma yake. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa mahali na pakiti mfukoni, akipiga hesabu kama yangu. Ni hesabu inayoonekana sahihi katika kila hatua. Ndiyo ubaya wake.

Nilimaliza chuo kikuu wakati serikali imesimamisha ajira. Waliotutangulia walipangiwa vituo vya kazi kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa tujiajiri. Kila kitu kilikuwa ruksa miaka ile. Ruksa kuagiza, ruksa kuuza, mitumba imetandazwa hadi kwenye ngazi za ofisi, na huko bondeni mashamba ya mkonge yakifungwa moja baada ya jingine. Kaka yangu mkubwa, Eliakimu, alikuwa na kioski pale stendi ya Same. Alinipa nafasi ya kukaa dirishani. Nilikuwa nimesomea uchumi, nikawa nauza betri, biskuti, sabuni ya kipande, na sigara moja moja.

Kuvuta nilianzia chuoni, kama wengi, kwa ajili ya kukesha na vitabu. Pale kioski nilivuta kwa sababu zilikuwa mbele yangu, na kwa sababu kati ya basi moja na jingine hapakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono. Sikuzifurahia. Hilo watu hawalielewi. Nilikuwa nazimaliza tu.

Niliugua kiangazi, miezi ile ambayo upepo wa Same unabeba vumbi jekundu na kulipaka kila kitu, mpaka chai. Kikohozi kilikuwepo siku nyingi. Ikaongezeka homa ya jioni, kisha kichomi upande wa kulia, kama mtu ameniachia sindano ndani ya ubavu na kila nikivuta pumzi anaisukuma. Nilikonda. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, baadaye nikatoboa jingine. Siku moja nilimwuzia biskuti mwanamke niliyesoma naye sekondari, akanipa pesa, akachukua chenji, akapanda basi. Hakunitambua. Nilimwangalia mpaka basi likaondoka, nikasubiri nisikie uchungu. Sikusikia kitu.

Hospitalini tulikaa kwenye mabenchi ya nje. Ilikuwa ile miaka ya kuchangia gharama, kwa hiyo kila mgonjwa alikuja na kimfuko chake: daftari la kuandikiwa, bomba la sindano, glavu za daktari. Nilipewa kikopo cha makohozi ya asubuhi. Nilikipeleka, nikapewa kingine. Siku moja nilisinzia kwenye benchi nikaegemea bega la mzee wa Kimasai aliyetoka Ruvu na binti yake mjamzito. Nilipozinduka jua lilikuwa limezunguka nyumba na binti alikuwa ameshaitwa ndani peke yake. Mzee hakuwa amesogea hata kidogo. Nikamwomba radhi. Akanitolea ugoro kwenye kichupa chake, nikakataa, naye akaunusa, akapiga chafya kwa niaba yetu sote wawili. Katika kiangazi kizima kile, nadhani hiyo ndiyo saa niliyolala vizuri.

Filamu za picha ya kifua hazikuwepo Same, ikabidi niende Moshi. Fundi alinibandika kwenye bati la baridi akaniambia vuta, shika, toa. Kuvuta niliweza. Kushika sikuweza. Tulirudia mpaka akachoka.

Daktari wa Same aliitundika picha dirishani. Hakuniangalia mimi, aliiangalia picha.

"Makohozi hayana TB," alisema. "Unavuta?"

"Navuta, daktari."

"Kifua hiki ni cha mzee. Hakina nafasi ya vitu viwili. Ama utavuta pumzi, ama utavuta sigara. Ukija tena na kichomi kama hiki na bado unavuta, mimi sitakutibu, nitakusindikiza tu."

Akaniandikia sindano za penisilini. Nikiwa mlangoni akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kufunga dirisha: nikiacha sigara na kikohozi kikaendelea, nirudi anitume Moshi kupimwa damu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifunga. Mtu mwingine angesikia kwamba aache sigara. Mimi nilisikia kwamba ilimradi navuta, sitapimwa damu. Nilichomwa sindano, homa ikashuka, kichomi kikapungua, na nikaendelea kuvuta, kidogo kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayekunywa dawa.

Nyumbani kwa Eliakimu kikombe changu kilitengwa. Kilikuwa cha bati, mdomo wake wa bluu. Siku moja tu nilikikuta kwenye ukingo wa dirisha, mbali na vingine, na kijiko ndani yake. Shemeji yangu si mtu mbaya. Alikuwa na watoto wadogo. Nikaanza kukiosha mwenyewe na kukirudisha pale pale.

Mama alishuka kutoka mlimani bila kutoa taarifa, na ndoo ya makande kichwani. Shemeji akampikia chai, vikombe vikapungua kimoja. Mama akaunyoosha mkono dirishani.

"Hiki cha nani?"

"Cha Mbonea, mama," alisema shemeji, akiangalia sakafu.

Mama akamimina chai humo, akanywa nusu, akampa Eliakimu. Eliakimu alikishika kwa muda. Kisha akanywa. Mama akaniambia nifunge nguo zangu.

Kwetu ni juu ya Mwembe, kwenye barabara ya kwenda Mbaga. Gari dogo la mizigo lilitupandisha tukiwa tumekalia magunia ya chumvi. Huko juu ukungu unaingia mpaka jikoni, na kifua changu hakikupenda baridi hiyo. Mama alinipikia uji wa tangawizi na hakuniuliza chochote. Nilivutia nyuma ya zizi. Alijua. Nilijua kwamba alijua. Tuliishi hivyo.

Kabla ya vuli pembe ililia kuita watu kwenye msaragambo. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Maji ya mfereji tunayalaza kwenye bwawa, tunaliita ndiva, ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu, na msimamizi anapima kwa fito: huyu kipande chake, huyu kipande chake. Hakuna anayechimba kipande cha mwingine. Usipokuja, kipande chako kinaachwa kama kilivyo, katikati ya vipande vilivyochimbwa, kila apitaye anakiona na kulitaja jina lako. Kinakungoja hata mwezi. Mama yako mzazi haruhusiwi kukuchimbia.

Wagonjwa wanasamehewa. Mwaka ule wenye vifua vibovu tulikuwa watatu, tukakalishwa ukingoni kulinda majembe na mitungi. Wa kwanza alikuwa Bibi Namkunda, mjane, mvutaji wa kiko tangu ujana, mwenye pumzi inayolia kama mlango. Wa pili Athumani. Baba yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, naye akaurithi upanga wa baba yake mpaka shamba lilipofungwa, ndipo akapanda mlimani kulimia watu tangawizi, akaoa huku huku. Alikuwa na umri kama wa Eliakimu, mcheshi, mwembamba kuliko mimi. Wa tatu ni mimi. Tukiwa tumekaa, watu wakiwa ndani ya tope hadi magotini, kila mmoja wetu akatoa chake. Bibi akawasha kiko, sisi tukawasha sigara.

Msimamizi wa ndiva, Mzee Mrutu, alisimama akaegemea jembe. Akatwambia kwa upole kwamba watu wenye vifua vya kutosha kuvuta moshi wote ule bila shaka wana vifua vya kutosha kuchota tope. Watu walicheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, na hapo hapo nikaanza kujiuliza kama kicheko kile kilikuwa cha watu wanaojua au wanaokisia.

Bibi Namkunda hakuona haya. Aligonga kiko kwenye jiwe.

"Haya. Na sisi tutakuwa na msaragambo wetu," alisema. "Kipande chetu ni kutovuta. Anayevuta, Mrutu ampimie tope."

"Bibi, tope litatuua," Athumani alisema.

"Ndiyo maana yake."

Ilianza kama mzaha namna hiyo. Mzee Mrutu hakuichukulia kama mzaha. Kwake neno likishasemwa kwenye ndiva limesemwa. Alipima kipande kwenye ukingo wa chini, sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuisafisha, akasema hapo ni pa wavuta moshi. Athumani alicheka, akasema kule mkongeni kipande kilikuwa kadi, ukiijaza unalipwa. Huku kipande ni tope, na ukipimiwa unaaibika.

Tulikutana kila siku ya zamu ya maji, mimi na hao wawili, pale ukingoni. Hatukuwa na mafunzo ya mtu yeyote. Tulikaa. Kila mmoja alisema siku zake zilivyokwenda. Bibi alitafuna mua. Athumani alitafuna tangawizi mbichi mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni, mpaka Bibi akauliza kama nasubiri ndevu zangu ziwake, nikaitupa.

Siku za kwanza sikumbuki vizuri. Mikono ilikuwa mizito, sikujua niiweke wapi. Nilimjibu mama vibaya kwa sababu ya chumvi. Nililala mchana na kuamka nimechoka. Vitu vilikuwa mbali, kana kwamba naviona kupitia chupa. Nilisubiri hamu kubwa ya sigara, ile wanayoisimulia, lakini iliyonijia ilikuwa ndogo na ya kijinga: baada ya chakula, baada ya kufunga viatu, baada ya kumaliza jambo lolote. Niligundua kwamba sikuwa najua jambo limeisha mpaka nivute. Chakula kilibaki hakijaisha. Siku ilibaki haijaisha.

Kisha kikohozi kikazidi.

Hicho ndicho nilichokiogopa tangu mwanzo, na kilikuja kama nilivyokitabiri. Nilikuwa nimeacha, na nilikuwa nakohoa kuliko nilipokuwa navuta, natoa makohozi mazito yenye rangi. Hesabu ilikamilika. Nilikwenda ukingoni siku hiyo kuwaaga, nikiwa na sigara mfukoni niliyoinunua njiani. Sikuwaambia sababu ya kweli. Nilisema tu kwamba kuacha kumenizidishia ugonjwa.

Bibi akaniuliza makohozi yana rangi gani. Nikamwambia ya kijivu. Akakohoa hapo hapo, akatema juu ya jani la mgomba, akanionyesha bila haya kama mtu anayeonyesha bidhaa sokoni.

"Tazama langu. Jeusi. Lako changa sana."

Athumani naye akatema. Lake lilikuwa kahawia. Wakabishana nani ana bovu zaidi. Athumani akasema yeye wiki iliyopita alitoa kitu akadhani ni kipande cha ini, akakizika. Wote wawili walikuwa wamezidi kukohoa tangu waache. Hakuna aliyekuwa ameniambia, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, au hakuona kama ni habari.

Nilikaa nikaliangalia lile jani. Hospitalini nilikuwa nimeangaliwa na watu wengi, lakini hakuna aliyekuwa amenionyesha makohozi yake. Sigara ilibaki mfukoni mpaka ikavunjika.

Vuli ilinyesha. Tukaendelea. Kikohozi kilipungua, taratibu mno, lakini hakikwisha. Nilianza kuupanda mlima wa kwenda dukani nikisimama mara chache zaidi. Harufu zilirudi, kwanza ile ya samadi. Mama alifanya tambi za Krismasi nikala sahani mbili, akageukia ukutani kufuta macho, na mimi nikaendelea kula.

Mwezi wa kwanza Eliakimu aliniita nirudi. Kijana aliyeshika nafasi yangu alikuwa ameondoka. Sikutaka, lakini nilikuwa nimekula kwa mama miezi kadhaa na sikuwa na sababu ya kutoa. Nikashuka.

Anayeuza sigara stendi anajua neno moja kuliko mengine yote: niwashie. Basi limesimama kidogo tu, utingo anapiga bati, abiria anachungulia dirishani na noti mkononi hana kiberiti, anataka sigara ikiwa inawaka. Muuzaji anaiweka mdomoni, anavuta mara moja ishike, anampa. Ndivyo biashara ilivyo. Anayempa abiria sigara baridi hauzi, jirani yake atauza.

Nilimwashia wa kwanza bila kufikiri, na moshi ulipoingia kila kitu kikakaa mahali pake. Siku ikaisha kabla ya saa nne asubuhi. Nikamwashia wa pili. Nilijiambia sikuvuta. Sigara ilikuwa ya mtu, imelipiwa na mtu, imekwenda Arusha na mtu. Nilijenga hoja hiyo mpaka ikawa nzuri sana. Na kikohozi kilipoanza kukwaruza tena, nilifarijika. Nataka hilo lieleweke. Nilifarijika.

Siku ya zamu nilipanda mlimani, nikawaeleza. Sikwenda kuungama. Nilikwenda na swali, kama mtu mwenye kesi anayoamini atashinda: je, kumwashia mwingine ni kuvuta?

Athumani akasugua mikono. "Nyie Wapare, mkikosa kuku wa kumshtaki mnashtaki yai. Haya, tusikilize."

Bibi ndiye aliyeuliza.

"Uliiweka mdomoni?"

"Niliiweka, Bibi."

"Ukavuta?"

"Bila kuvuta haishiki."

"Na moshi ulikwenda wapi?"

Athumani akanitetea. Alisema mpishi akionja mchuzi huwezi kusema amekula. Bibi akauliza, je, akionja masufuria yote ya harusi? Watu wawili waliokuwa wakifungua maji wakasimama kusikiliza, mmoja akawa upande wangu, mwingine akawa upande wa Bibi, sauti zikapanda, mpaka Mzee Mrutu akaja kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Alifikiri akiwa ameinamisha kichwa.

"Maji ya zamu ya mwenzako yakipasua tuta yakaingia kwako," alisema, "mahindi yako hayaulizi ni maji ya nani."

Akaenda kuchukua fito.

Nilikichimba kipande changu mwezi wa pili, jua kali, tope la chini likiwa limekauka juu na bichi ndani. Nilinyanyua jembe kidogo tu, nikaishiwa. Nilikaa. Nikanyanyua tena. Pumzi ilikuja fupi, na kwa juu tu, kama maji yanayogusa mdomo wa mtungi bila kuingia. Nilikumbuka bati la baridi kule Moshi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili, si kwa hoja, kwamba daktari hakuwa ananitisha. Kifua kilikuwa kimebaki kidogo, na nilikuwa nakimalizia kwenye madirisha ya mabasi, ili tu nisije nikajua jambo.

Hakuna aliyeruhusiwa kunisaidia. Lakini Athumani alishuka na jembe lake akaanza kuchimba kando yangu, sehemu isiyo na mwenyewe. Mzee Mrutu alimwangalia, akatafuta sheria, hakuipata, akaondoka. Tulichimba hivyo, tukikaa zaidi ya tulivyochimba. Wakati mmoja tulipokaa, aliniuliza kwa nini hasa nilirudi kwenye moshi. Alisema hoja ya abiria ilikuwa tamu lakini haikuwa na mifupa.

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa uchovu. Nilimwambia hesabu yote: sigara, kikohozi, damu, na kwamba nikiacha kabisa sitakuwa na pa kujificha.

Alikuwa anachokonoa tope kwenye ukucha.

"Mimi nilipimwa," alisema. "Mwaka juzi, Moshi. Ninao."

Nilimwangalia. Alikuwa na uso ule ule.

"Mke wangu anajua. Sasa na wewe. Usimwambie Bibi, atanipikia mpaka nipasuke."

Nikamwuliza, kwa nini sasa anajisumbua kuacha sigara? Lilikuwa swali baya na nililiuliza kwa sauti ya mtu wa takwimu. Hakuchukia.

"Msomi, mtu mwenye shamba kubwa anaweza kuliacha robo liote magugu. Mimi nimepewa kajaruba. Nikaachie moshi?"

Akanyanyuka, akachimba. Nami nikachimba. Hatukumaliza siku hiyo, tulirudi siku iliyofuata.

Ningependa kuandika kwamba nililia, au kwamba moyo ulifunguka. Nilienda nyumbani nikaoga, nikala, nikalala. Lakini nilipolala niliijaribu ile hesabu yangu na haikufika mwisho. Ilikuwa inamkuta Athumani katikati, amekaa na jembe lake, anajua ninachoogopa kukijua, na havuti. Kama anayeujua anaweza kuacha, basi kutojua hakukuwa kunanilinda dhidi ya chochote. Nilikuwa nimekilinda kikohozi tu. Nikakilisha, nikakitunza, kiendelee kuwa na sababu.

Nilishuka Same nikamwambia Eliakimu kwamba sigara siuzi tena, auze yeye au aziondoe. Alisema bila sigara kioski ni kabati. Alisema mengine pia, kuhusu shahada, na nani aliyenilisha. Yalikuwa kweli. Nikamwachia ufunguo. Miezi mingi hatukusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Sasa tunasemezana.

Mtu anayesoma haya huenda anataka niseme kinachosaidia. Sijui dawa. Najua tu kwamba peke yangu akili yangu ilikuwa na majibu mazuri kuliko maswali, na kwamba walihitajika watu wawili waliokuwa wakiniona nikitema. Tafuta wawili. Si lazima wawe wema. Bibi Namkunda hakuwa mwema, na hadi leo kiko chake kimelala juu ya kabati, anakifuta vumbi na kukitukana. Athumani alifariki masika ya mwaka uliofuata. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza kupanda ule mlima wa dukani, na nilifika juu bila kupokewa. Hakuwa amevuta tangu siku ile ya kwanza ya ndiva. Mkewe ameniruhusu niandike hili.

Lakini wakati ninaotaka kumalizia nao ni wa kabla ya hapo, mwanzo wa masika, wiki chache baada ya lile tope, tulipokwenda Moshi mimi na yeye. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Mwanga. Athumani alikijua chumba, alinipitisha mlango wa pembeni, akakaa kwenye benchi na kuanza kumtania mwanamke wa karibu yake kuhusu mwavuli wake. Niliingia peke yangu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama nimetumwa na daktari au nimekuja mwenyewe. Nikasema nimekuja mwenyewe.

"Unakohoa?" aliuliza.

"Nakohoa."

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mawili pamoja mbele ya mtu. Nilisubiri uso wake ubadilike. Alikuwa anafungua pakiti ya pamba. Nikakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, nikaulaza mkono mezani, nikaukunja ngumi.